VAZI LA DENSI YA TUMBO NA HESHIMA YA MWANAMKE

Mwanadamu huvaa nguo kwa sababu nyingi. Huvaa ili ajisitiri, huvaa ili ajikinge na jua na baridi, huvaa ili ajipambe, na huvaa ili ajulikane ni nani na kazi yake ni ipi. Askari ana sare yake, hakimu ana joho lake, na bibi arusi ana vazi lake. Lakini yako mavazi mengine ambayo hayamwelezi sana aliyeyavaa. Yanamweleza zaidi yule anayeyatazama. Katika makala haya twataka kulichungua vazi moja la namna hiyo, nalo ni vazi la wacheza densi ya tumbo wa Misri, ambalo limeenea ulimwenguni na kuhesabiwa na watu wengi kuwa ndiyo sura yenyewe ya uanamke wa Mashariki.

Vazi hilo linafahamika. Ni sidiria iliyojazwa shanga na vipande vya kumetameta, mkanda mzito wa kiunoni wenye vishada vinavyotikisika, na sketi ndefu nyepesi iliyopasuliwa pembeni, na tumbo liko wazi. Wamisri huliita badla, yaani suti. Densi yenyewe huiita raksi sharki, yaani mchezo wa Mashariki. Na ile ichezwayo na watu wa kawaida majumbani na mitaani huiita baladi, yaani ya kienyeji. Jina la "densi ya tumbo" halikutoka kwao. Lilitoka kwa Wafaransa, likaenea Marekani baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambako palijengwa mtaa wa kuigiza mitaa ya Cairo, na watu wakatoa fedha zao kuwatazama wachezaji. Mtu anayeuita mchezo mzima kwa jina la kiungo kimoja cha mwili ametuonyesha macho yake yalikuwa wapi.

Kuhusu vazi hili husikika kauli tatu. Wa kwanza husema: hili ni vazi la kale la wanawake wa Mashariki, na hivyo ndivyo mwanamke wa huko alivyo akiondoa baibui. Wa pili husema: hili ni vazi la uhuru, maana kwalo mwanamke huufurahia mwili wake bila kumwogopa yeyote. Wa tatu, na hawa ni wengi miongoni mwetu sisi watu wa dini, husema: hili ni vazi la aibu, na aibu yote ni ya huyo aliyelivaa. Hebu tuzipime kauli hizi moja baada ya moja.

Je, ni vazi la kale?

Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kutoa kitabu mashuhuri juu ya desturi za Wamisri mwaka 1836, aliwaeleza kwa kirefu wacheza ngoma walioitwa ghawazi, waliokuwa wakicheza hadharani na kulipwa. Alisema kuwa mavazi yao yalifanana na yale yaliyovaliwa nyumbani na wanawake wa tabaka la kati: suruali pana, koti refu lenye kubana kifuani, na shali kiunoni, ila kwa vitambaa vya thamani zaidi. Hapakuwa na sidiria ya shanga wala tumbo wazi. Lakini Lane aliongeza jambo moja ambalo yafaa tulitie moyoni. Alisema kuwa walipoitwa kucheza faraghani mbele ya kundi la wanaume, pengine waliyaacha mavazi hayo wakabaki na suruali na kanzu nyepesi yenye kuonyesha mwili. Mchezaji ni yule yule na mchezo ni ule ule. Kilichobadilika ni watazamaji, na vazi likabadilika kwa ajili yao.

Mwaka 1834 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, aliwapiga marufuku wacheza ngoma wa kike kucheza hadharani Cairo, ingawa kabla ya hapo serikali ilikuwa ikiwatoza kodi na kula katika pato lao. Wengi walihamishiwa miji ya kusini kama vile Esna, Qena na Aswan. Je, hamu ya watazamaji ilikoma? Hata kidogo. Wasafiri wa Ulaya waliwafuata huko huko kusini, na mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alimtazama mmoja wao mjini Esna mwaka 1850. Na hapo Cairo, nafasi ya wanawake ilichukuliwa na vijana wa kiume waliofuga nywele, wakajipaka wanja na hina, na kuvaa mavazi yaliyokuwa nusu ya kiume na nusu ya kike. Hapa pana somo kubwa. Wanawake wenyewe walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na bado "uanamke" uliendelea kuchezwa na kulipiwa. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikinunuliwa hakikuwa mwanamke. Kilikuwa ni picha yake iliyokaa katika mawazo ya mnunuzi.

Badla ya shanga ilipataje basi kuzaliwa? Mwanzoni mwa karne ya ishirini Ulaya ilishikwa na wazimu wa mambo ya Mashariki. Mwaka 1905 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera ya Richard Strauss juu ya Salome, binti aliyecheza mbele ya mfalme Herode. Mwaka huo huo mwanamke wa Kiholanzi aliyejiita Mata Hari alijitokeza Paris akiwa na vikombe vya vito kifuani, akidai kuwa anacheza ngoma takatifu za Asia. Mwaka 1906 Maud Allan, aliyezaliwa Kanada, alianza kucheza Salome yake akiwa na shanga kifuani na kiunoni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwanamke wa Kiarabu. Baadaye watengenezaji wa filamu wa Marekani wakaichukua sura hiyo na kuitia katika kila hadithi ya masultani na makasri.

Kisha picha ilirudi Mashariki. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake wa starehe mjini Cairo. Walioketi humo walikuwa mchanganyiko wa Wamisri wenye uwezo na wageni kutoka Ulaya, nao wote walikuwa wamekwisha kufundishwa na majukwaa na filamu ni sura gani waitarajie. Katika kumbi za namna hiyo ndimo badla ya vipande viwili ilimozoeleka, na wachezaji kama Tahia Carioca na Samia Gamal waliotoka kwa Badia wakaipeleka kwenye filamu za Kimisri, zilizotazamwa kuanzia Morocco mpaka Zanzibar. Ndiyo maana wachunguzi wengi wa historia hii wanaona kuwa vazi hili, linalosemwa kuwa ni la kale, umri wake ni kiasi cha miaka mia moja tu, na kwamba Mashariki ililipokea kutoka katika ndoto za watu wa Magharibi. Kauli ya kwanza basi haina nguvu.

Mchezo bila badla

Labda mtu atasema: hata kama vazi ni jipya, mchezo wenyewe ni wa namna hiyo, hauwezi kutenganishwa nalo. Jibu lake liko Misri kwenyewe. Usiku wa kuamkia harusi, wanawake wanapokusanyika kumpaka bibi arusi hina, wao hucheza mchezo huo huo wa kukata kiuno: mama, shangazi, binti, na bibi mwenye wajukuu. Mwenye zamu hujifunga kitambaa kiunoni juu ya kanzu yake, akacheza, akamwachia mwenzake. Hakuna anayelipwa, wala hakuna anayepimwa kama ni mwembamba au mnene, kijana au mzee. Mchezo hapo ni furaha tu.

Wasomaji wetu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wanajua chakacha ya harusini, ambapo wanawake peke yao, ndani ya ua, hujifunga leso viunoni juu ya magauni yao. Wanajua pia shanga za kiunoni, ambazo mwanamke huzivaa chini ya nguo, na hakuna azijuaye ila yeye na mumewe. Tutafakari hapa. Shanga za kiunoni na mkanda wa badla ni pambo la aina moja, tena mahali pamoja pa mwili. Lakini la kwanza limefichwa, nalo ni siri ya ndoa. La pili limewekwa juu ya jukwaa, nalo lina kiingilio mlangoni. Tofauti haiko katika shanga. Tofauti ni kwamba mmoja anatoa kwa kupenda palipo na haki, na mwingine anaonyeshwa kwa malipo kwa yeyote mwenye fedha.

Ushahidi mwingine ulitolewa na Mahmoud Reda, aliyeanzisha kundi lake la ngoma za kienyeji mjini Cairo mwaka 1959. Mchezaji wake mkuu, Farida Fahmy, alikuwa binti wa mwalimu wa chuo kikuu. Reda aliyachukua mapigo na miondoko ya wenyeji, akawavika wachezaji wake magauni marefu yenye kusitiri, na familia zilizokuwa zikiona haya kuwatazama wachezaji wa kumbi za starehe zikaja kuwatazama hawa. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo kila kitu jukwaani kimekuwa halali. Hilo ni suala jingine. Twasema tu kwamba badla si damu wala mifupa ya mchezo huo. Ni nguo iliyoshonwa kwa ajili ya kiti cha mtazamaji.

Je, ni uhuru?

Kauli ya pili yahitaji kujibiwa kwa upole, kwa kuwa wengi wanaoisema ni wanawake wenye nia njema. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya wanawake wa Marekani na Ulaya wamejifunza densi hii. Wengi husema kuwa walikuwa wakiichukia miili yao, hasa baada ya kuzaa au baada ya ugonjwa, maana dunia yao iliwafundisha kuwa tumbo la mwanamke sharti liwe bapa kama ubao. Nao katika mchezo huu wakaona kuwa tumbo lililobeba mtoto si kitu cha kuonewa haya. Tukiwa waadilifu hatuwezi kulidharau jambo hili. Kumshukuru Mungu kwa umbo alilompa mtu ni ibada, na kuuchukia mwili wako ni kukosa shukrani.

Lakini tuulize: faida hiyo imetoka wapi? Wao wenyewe husema imetoka katika kucheza pamoja na wanawake wenzao, kusaidiana na kucheka pamoja. Yaani, wamekipata tena kile kile ambacho wanawake wa Misri walikuwa nacho siku zote katika usiku wa hina, pasipo badla. Mtindo ulioanzishwa San Francisco na kundi la wanawake mwaka 1987 unalithibitisha hili kwa kiasi fulani. Waliona kuwa sketi pana, suruali, vilemba na blauzi za mtindo wa Kihindi vyawafaa zaidi, na wakacheza kwa kundi, wakitazamana na kufuatana wao kwa wao, badala ya mmoja kusimama peke yake mbele ya wanaume. Tumbo waliliacha wazi, nasi hatukubaliani nao katika hilo. Lakini ajuaye kupima ataona kuwa mwanamke alipoanza kujishonea mwenyewe, akaongeza kitambaa.

Uhuru wa kweli ni mtu kuwa na thamani hata asipotazamwa. Anayesema, "Mimi ni mwanamke kamili ninapovaa hivi," amejifunga bila kujua. Maana atafanya nini siku ya uzee, siku ya maradhi, au siku makofi yatakapokwenda kwa kijana zaidi yake? Uanamke unaovuliwa pamoja na nguo na kutundikwa msumarini haukuwa wake. Ulikuwa wa azima.

Ni nani mwenye kosa?

Sasa tuifikie kauli ya tatu, ambayo yatuhusu sisi zaidi. Karin van Nieuwkerk, mchunguzi wa Kiholanzi aliyekaa na waimbaji na wacheza ngoma wa Cairo na kutoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1995, aliwakuta wengi wao ni wanawake wenye kulisha familia, ambao huisema kazi yao kuwa ni riziki kama riziki nyingine. Aliona pia kuwa fedheha ya kazi hiyo humwangukia mwanamke, ilhali mwanamume anayefanya kazi kwenye jukwaa lile lile hapati fedheha kama hiyo. Watu humwalika mchezaji katika harusi zao, humtupia noti, hujivunia kwamba walimpata aliye mashuhuri; na kesho yake hawakubali awe mkwe wao. Mwenye kulipa harudi nyumbani na jina baya.

Serikali nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1950 kanuni za Misri zilitaka tumbo la mchezaji lifunikwe, na wachezaji wakalitimiza hilo kwa kitambaa cha wavu kisichoficha kitu. Mwaka 2018 mchezaji kutoka Urusi alikamatwa Cairo baada ya filamu yake fupi kuenea, na katika yaliyojadiliwa yalikuwamo rangi na urefu wa nguo yake ya ndani. Nguo yake ilipimwa. Macho yaliyoieneza filamu ile hayakupimwa na mtu.

Mwanafunzi mmoja katika chuo tunamofundisha huku ng'ambo alituletea swali ambalo alikuwa ameulizwa na wenyeji: "Kwa nini Islam inamfunika mwanamke, na haiyafuniki macho ya mwanamume?" Tulimjibu kwamba swali lenyewe limejengwa juu ya kutojua. Katika Sura Nur, Mwenyezi Mungu anapoeleza amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi usafi, anaanza na wanaume. Baada ya hapo ndipo anapowaelekea wanawake, akawapa amri hiyo hiyo, na kuongeza habari ya kuficha mapambo yao. Mwenye kuisoma amri ya pili kwa sauti kubwa na kuiruka ya kwanza kimya kimya hakuisoma Sura hiyo sawasawa.

Tena tunao mfano wa Mtume Mtukufu s.a.w. Katika Hija ya kuaga, kijana Fadhl bin Abbas r.a. alikuwa amepanda nyuma yake juu ya mnyama mmoja. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza mas'ala juu ya baba yake mzee asiyeweza kuhiji. Fadhl akawa anamtazama mwanamke yule. Mtume s.a.w. alifanya nini? Hakumkaripia mwanamke wala hakumfukuza. Aliushika uso wa Fadhl akaugeuza upande mwingine, na mwanamke akajibiwa swali lake. Lau kila baba, kila kaka na kila mwenye harusi angejifunza kuugeuza uso wake mwenyewe, kumbi nyingi zingefungwa bila askari kuitwa.

Na katika Sura hiyo hiyo ya Nur wanakatazwa wale wanaowalazimisha vijakazi wao kufanya uchafu ili wao wapate mali ya dunia, na wale waliolazimishwa wanatajiwa maghufira na rehema ya Mungu. Ufukara nao hulazimisha. Mwenye ukumbi, mwenye tikiti na mwenye kuuza vinywaji wote wana hisabu yao mbele ya Mungu. Hatusemi kuwa mchezaji hana jukumu lolote, maana kila nafsi itaulizwa kwa iliyoyatenda. Twasema tu kuwa mzigo wa watu kumi usibebeshwe mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyesimama penye mwanga.

Uanamke ni nini?

Mwili wa mwanamke si aibu. Ni amana. Islam haikuja kuua furaha: siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Mtume s.a.w. akamsitiri Bibi Aisha r.a. kwa shuka lake huku akimwacha atazame mpaka aliporidhika. Wala haikuja kuua pambo. Katika Sura Aaraf wanadamu wote, wake kwa waume, wanakumbushwa kuwa nguo wamepewa na Mola wao kwa makusudi mawili, kusitiri na kupamba. Kisha wanafahamishwa kuwa liko vazi lililo bora kuliko hayo yote, nalo ni ucha Mungu. Vazi hilo haliuzwi katika soko la Khan el-Khalili, wala halishonwi kwa kipimo cha macho ya wengine, wala halina la kiume na la kike.

Hivyo uanamke hauko katika badla, na ukweli huu una pande mbili. Aliyeivaa hakuwa mwanamke zaidi kwa kuivaa. Lakini pia hakupoteza utu wake kwa kuivaa, wala hakutoka katika rehema ya Mungu. Heshima yake ilikuwapo kabla ya ukumbi kufunguliwa, nayo inamngoja arudi kwayo.

Basi, ndugu wasomaji, tufanyeje? Wazazi na wawafundishe binti zao kuwa thamani yao haipandi wala haishuki kwa kutazamwa, na wawafundishe wana wao, kwa mkazo ule ule, kuyaongoza macho yao. Wenye harusi wasikodi kwa fedha kile wasichopenda binti yao akifanye. Nao wanawake wasiache furaha zao za ndani, za leso na za hina, kwa kuziona ni za kizamani. Maana humo uanamke huchezwa bila kuuzwa. Na akitokea miongoni mwetu dada aliyeacha kazi ya jukwaa akataka kuishi kwa heshima, tusimuulize jana alivaa nini. Tumtafutie mlango wa riziki, maana hicho ndicho alichokikosa tangu mwanzo.

Mwenyezi Mungu atujalie sote, wake kwa waume, vazi la ucha Mungu, na atuepushe na kuwahukumu wengine kwa kosa ambalo macho yetu yana fungu ndani yake. Amin.